Paka wa Chungu Kimoja

2 Machi

Nimeanza kuandika leo kwa sababu nisipoandika nitamtukana mtu mzima, na mtu mzima mwenyewe ni mama mkwe wangu. Mvua imeanza. Nilirudi kutoka kazini nimelowa mpaka magotini, nikamkuta Mama kwenye ngazi anawaonyesha majirani sahani ya paka. "Huyu hali nyama," anawaambia kwa fahari. "Anakula maharage na maboga kama sisi. Paka mwenye adabu." Wale wanawake wakamsifu. Mmoja akasema wa kwake ni mwizi, atamleta kwa Mama amfunde.

Paka ni wangu. Nilimwokota akiwa mdogo nyuma ya duka la miwani ninapofanya kazi, nikamwita Mkaguzi kwa sababu hakuna mfuko uliowahi kuingia nyumbani kwetu bila yeye kutia kichwa ndani kuukagua. Tunakaa ghorofa ya tatu, hana pa kuwinda, kwa hiyo anakula kinachowekwa kwenye sahani. Na kinachowekwa kwenye sahani huamuliwa na Mama.

Niandike jinsi tulivyofika hapa, maana nikipandwa na hasira nasahau kwamba sababu ilikuwepo. Mwaka jana moyo wa mume wangu ulimwangusha dukani kwake, katikati ya makopo ya rangi. Daktari akakataza nyama nyekundu, mafuta na chumvi. Mama akaja kumuuguza, akaona mwanawe anavyozitazama sahani zetu mezani kama mtoto aliyenyimwa. Hapo ndipo akatoa sheria: nyumba moja, chungu kimoja. Mgonjwa asile peke yake chakula cha ugonjwa. Nyama ikatoka, chumvi ikatoka, hata kuku, hata samaki. Nilikubali. Niliona ni jambo la upendo, na bado naona hivyo. Ila mimi sikuulizwa kuhusu paka, na paka hakuulizwa kabisa.

4 Machi

Mvua. Maboga.

7 Machi

Mkaguzi amegonga mguu wa meza. Alikuwa anatembea taratibu, kichwa juu, akaugonga kwa paji la uso, akakaa chini kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Mama alicheka. "Kazeeka huyo." Hajazeeka. Ana miaka minne.

Jioni mume wangu alirudi, na yule paka ambaye siku hizi hata mfuko wangu haukagui alinyanyuka, akamfuata kwa pua mpaka kwenye kochi, akaanza kumlamba vidole. Kimoja kimoja, mpaka kwenye kucha. Kisha akapanda kifuani akalamba kola ya shati. "Anampenda baba yake," Mama akasema. Mume wangu akacheka, akaondoa mkono.

Nitasema kweli, niliona wivu. Mimi ndiye ninayemsafishia kasha lake la mchanga. Mimi ndiye niliyemlisha kwa bomba la sindano alipokuwa kama kiganja. Huyu bwana harufu yake ni rangi na tina ya kuyeyushia rangi kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi, na ndiye anayepewa mapenzi.

11 Machi

Kazi yangu ni kukata lenzi na kuzitia kwenye fremu. Kutwa nzima naona macho ya watu: yanayochuruzika, yanayokonyeza, yanayodanganya kwamba yameiona herufi ya mwisho. Leo nilimweka Mkaguzi dirishani kwenye mwanga, nikamtazama kama ninavyomtazama mteja. Mboni zake zimepanuka, nyeusi tii, na mwanga ulikuwa unamwingia moja kwa moja. Paka kwenye mwanga mboni inapaswa kuwa nyembamba kama ufa wa mlango. Nikapitisha kidole mbele yake. Hakukifuata. Nikakipitisha tena karibu zaidi mpaka kikagusa sharubu, akashtuka.

Nimekasirika na nafsi yangu kuliko na mtu yeyote: kutwa nzima natazama macho ya wageni, ya paka wangu sikuyatazama.

12 Machi

Kila mtu ni daktari. Mwajiri wangu anasema nimpe maziwa. Jirani wa chini anasema mkate uliolowekwa. Jirani wa juu anasema wali na kiini cha yai, ndivyo bibi yake alivyowalea paka kumi. Nikamuuliza hao kumi waliishi muda gani. Akasema walikuwa wanapotea.

15 Machi

Nimempeleka kwa daktari wa wanyama nikiwa nimewaaga nyumbani kwamba naenda kununua uzi. Ni binti mdogo, amefunga nywele kwa kalamu. Alimmulika macho, akamsikiliza kifua kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Anakula nini?" akauliza.

Nikamwambia. Maharage, maboga, mboga za majani, wali. Maziwa kidogo asubuhi.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

Aliweka kurunzi mezani. Akanieleza polepole, na mimi naandika nilivyoelewa. Mtu anaweza kuishi bila nyama akapanga chakula chake vizuri, na hata mbwa hujitahidi. Paka hawezi. Kuna kitu kimo ndani ya nyama ambacho mwili wa paka hauwezi kujitengenezea, na kikikosekana muda mrefu, macho hufa kutoka nyuma na moyo hulegea. Maziwa hayana msaada, paka wengi wakubwa yanawaharisha tu. Mkate na wali ni kujaza tumbo. Anachotaka ni nyama: kuku wa kuchemsha bila chumvi wala kitunguu, ini kidogo na si kila siku, na bora zaidi chakula cha kopo kilichotengenezwa kwa ajili ya paka, kwa sababu hicho kimepimwa na hakikosi kitu.

"Macho yatarudi?"

"Yaliyokwenda yamekwenda. Nataka tuokoe moyo. Aanze leo, dada. Si wiki ijayo."

Nilimbeba mpaka nyumbani ndani ya koti langu. Mvua ilitupiga njia nzima, na mimi nilikuwa nasema peke yangu barabarani kama chizi.

16 Machi

Nimewaambia mezani. Nilijitahidi kusema kwa upole, Mungu ni shahidi.

"Daktari wa paka," Mama akarudia. "Wana wa watu hawana wa kuwatibu, paka ana daktari."

"Mama, anapofuka. Na moyo wake unalegea. Anahitaji nyama tu, kidogo, nitampikia mwenyewe na vyombo nitaosha mwenyewe."

"Nyama haiingii humu."

"Ni ya paka, Mama."

"Harufu haijui kwamba ni ya paka." Aliweka kijiko chini. "Sikiliza, mke wa mwanangu. Baba yake huyu alikufa mezani, mfupa mkononi. Daktari alimkataza, mimi nilimkataza, naye alikuwa anasema leo tu, leo tu. Vidole vyake nilivikunjua mwenyewe kuutoa ule mfupa. Mwanangu akinusa nyama katika nyumba hii ataingia majaribuni, na mimi sizikwi nikiwa nimezika wawili."

Nilimgeukia mume wangu. Nilitaka neno moja tu kutoka kwake. Alikuwa anazungusha maharage kwenye sahani.

"Mama ana haki," akasema. "Wote humu tunajinyima. Paka ni nani asijinyime?"

Niliondoka mezani. Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema.

18 Machi

Sisemi na mtu. Mvua inasema kwa niaba yangu.

21 Machi

Basi nitakuwa mwizi katika nyumba yangu. Baada ya kazi nilikwenda duka la vyakula vya mifugo. Rafu nzima ni mifuko yenye picha za paka wanene wanaotabasamu. Nilitoa kikuzio changu cha kazini nikaanza kusoma maandishi ya nyuma, yale madogo ambayo hawataki uyasome. Mfuko wa kwanza: mahindi, unga wa mahindi, ladha ya kuku. Ladha. Yaani kuku alipita tu akasalimia. Wa pili ulikuwa wa mbwa, muuzaji akaniambia ni kilekile. "Si kilekile," nikamwambia, na sauti yangu ikawafanya watu wageuke. Nilichagua makopo ambayo neno la kwanza ni nyama na yameandikwa waziwazi kwamba ni chakula kamili cha paka mkubwa.

Nimeyaficha ndani ya ndoo ya nguo chafu. Nilimlisha bafuni, mlango nimefunga, bomba nimefungulia maji yasikike. Alikula huku ananguruma, mwili wote unatetemeka. Sijawahi kumwona anakula hivyo. Nilikaa kwenye ukingo wa beseni nikalia kwa hasira.

25 Machi

Anakula. Leo amenusa mfuko wangu nilipoingia.

29 Machi

Nimekamatwa. Mama alikwenda kufua nguo kunisaidia, nami sikumwomba anisaidie, akayakuta makopo chini ya mashuka. Niliporudi alikuwa ameyapanga mezani kama ushahidi. Paka alikuwa chumbani kwake, mlango umefungwa.

"Unaniona mimi mjinga," akasema. Hakupaza sauti. "Nakula bila chumvi kwa mwaka mzima katika umri huu, wewe unapitisha nyama kwa mlango wa uani."

"Sijala mimi. Mkague paka, mnuse mdomo ukitaka."

"Leo ya paka. Kesho utaonja. Keshokutwa utampa mumeo kipande kwa huruma. Huruma ndiyo iliyomuua baba yake."

Nilimwambia maneno ambayo sikuwahi kufikiri nitamwambia mama wa mtu. Nilimwambia kwamba hampendi mwanawe, anapenda kutawala. Kwamba amegeuza nyumba yangu kuwa hospitali isiyo na mgonjwa, maana mgonjwa mwenyewe amenenepa. Hilo la mwisho lilinitoka tu, wala sikulitafakari. Mume wangu aliinua kichwa haraka, akainamisha.

"Tumpe Mama mwezi mmoja," akasema kwa ile sauti yake ya kuuza rangi. "Tuone paka anavyoendelea. Mke wangu, punguza jazba."

Makopo yalitupwa. Mkaguzi atalala chumbani kwa Mama kuanzia leo. Mama huamka kabla ya majogoo, mimi kutwa niko kazini. Kati yangu na paka wangu kuna mlango, na ufunguo ameuweka kifuani.

3 Aprili

Mama alishikilia ukuta jikoni, akasema kizunguzungu. Nikapita. Nilidhani anaigiza ili nimwonee huruma.

5 Aprili

Maji yameingia ngazini. Mkaguzi hatoki chini ya kitanda cha Mama. Nimemsikia Mama anambembeleza: "Kula, baba, kula kidogo tu." Sauti ileile anayombembelezea mwanawe. Ilinichanganya, nikakasirika upya kwa sababu sikutaka kuchanganyikiwa.

8 Aprili



Leo alikuja dukani mchoma nyama wa barabara ya nyuma. Moshi umemharibu macho, mekundu kama ya mtu aliyelia msiba. Mwajiri alimpima, mimi nikamtengenezea miwani, na alasiri akarudi kuichukua. Nilikuwa nimeinama namkunjia mkono wa fremu nyuma ya sikio ili usimbane. Mlango ukafunguliwa. Mume wangu aliniletea mwavuli niliouacha nyumbani. Ni mtu mwenye fadhila ndogondogo, hilo siwezi kumnyima.

Mchoma nyama akatazama juu ya bega langu, uso ukamng'aa.

"Ah, huyu namjua hata bila miwani. Mbavu, chumvi usione haya, na mafuta usiyakate. Bosi, jana nimekuwekea mpaka zikapoa. Ulipatwa na nini?"

"Umenifananisha," mume wangu akasema.

"Nikufananishe na nani? Meza ya pembeni, karibu na ukuta. Unakaa umeipa barabara mgongo kila siku, mpaka vijana wangu wanakuita Mgongo."

Nilimaliza kukunja ule mkono wa fremu. Nilifuta lenzi zote mbili kwa kitambaa. Nilimwambia mzee miwani yake imekaa vizuri na inaona mbali. Akanishukuru, akatoka zake na mvua. Mume wangu alikuwa bado amesimama, mwavuli mkononi, maji yanadondoka sakafuni.

Nikaiona picha yote. Mkaguzi anamfuata kwa pua. Mkaguzi analamba vidole, kimoja kimoja mpaka kwenye kucha, analamba kola. Harufu ya rangi imetudanganya wote isipokuwa yeye. Wazee walishasema mkono mtupu haulambwi, na mimi nikaketi pale naona wivu, nadhani ni mapenzi. Paka alikuwa na njaa ya nyama, na nyama ilikuwa inarudi nyumbani kila jioni kwenye vidole vya mume wangu.

Nilimsemesha kwenye ngazi za nyumbani, ghorofa ya kwanza, kabla hatujafika kwa Mama.

"Nilianza na kipande kimoja tu," akasema. "Niliporudi kazini. Nilikuwa natamani."

"Sikukulaumu kwa kutamani."

"Dawa zangu nakunywa."

"Sikukuuliza dawa. Ulikaa mezani ukasema wote tunajinyima. Ukanitazama ukasema paka ni nani asijinyime."

Alikaa kwenye ngazi, suruali kwenye maji. "Kila nikitaka kumwambia Mama namwona anameza yale maharage kwa ajili yangu. Anafumba macho akimeza, umewahi kuona? Mdomo wangu unafunga. Nikasema kesho. Kesho ikawa ngumu zaidi, kwa sababu amekula siku moja zaidi."

Nilimwelewa, na hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Nilitaka kumwona shetani, nikamwona mwoga, na mwoga huwezi hata kumpiga vizuri.

"Mwambie leo."

"Nipe mpaka Ijumaa. Ukimwambia wewe utamuua."

"Na huyu anayekufa chini ya kitanda?"

Akaapa kwa kaburi la baba yake. Nikampa mpaka Ijumaa, mjinga mimi.

11 Aprili

Ijumaa. Mama alikuwa na kizunguzungu, akasema si siku nzuri.

14 Aprili

Kesho, anasema.

17 Aprili

Mchana mlango wa duka ulifunguliwa, akaingia Mama. Mama ambaye hashuki ngazi bila kushikwa mkono. Amekuja kwa miguu, mvua imemlowesha chapachapa, viatu havifanani. Amembeba Mkaguzi ndani ya shuka lake la kitandani.

"Anapumua kwa mdomo," akasema. "Mwanangu, fanya kitu."

Hajawahi kuniita mwanangu.

Mwajiri alitukimbiza kwa gari lake mpaka kwa daktari. Ulimi wa Mkaguzi ulikuwa wa rangi ya majivu. Daktari alimchukua bila kusalimia, tukabaki kwenye benchi, mimi na Mama, maji yakitengeneza dimbwi moja chini ya miguu yetu. Mama alikuwa anatetemeka. Nilimvika koti langu, na nilipomshika mabega niligundua hana nyama mwilini. Ni mifupa na ngozi. Mwaka mzima nimekaa mbele yake mezani namchukia, sikumtazama.

Daktari alitoka baada ya muda mrefu. Maji yamejaa kwenye mapafu, akasema, moyo umetanuka na umechoka. Amempa hewa na sindano. Usiku wa leo na wa kesho atabaki pale. Hakuahidi kitu.

"Binti yangu," Mama akasema, "ni mimi niliyemfanya hivi?"

Yule daktari ni mdogo, na wadogo hawajajifunza kuzunguka. "Ndiyo, Mama. Hukukusudia, lakini ndiyo. Ni chakula."

"Ningempa nyama tangu mwanzo?"

"Angekuwa anakuona sasa hivi."

Mama aliitikia kwa kichwa. Hakulia wala hakujitetea. Nje, tukisubiri mvua ipungue chini ya kibaraza, akasema: "Nilidhani kila kiumbe kinaweza kufundishwa kujinyima. Mimi nilijifunza uzeeni. Nikasema basi kila mtu anaweza." Kisha akasema: "Nilikuwa najisifu kwa watu."

Ningeweza kumwambia pale pale. Ulimi ulikuwa umeshainuka. Nikaona nikimwambia sasa nitakuwa namsaidia yule mwoga asiseme mwenyewe. Nikanyamaza, na kunyamaza kuliniunguza.

19 Aprili

Mkaguzi yuko hai. Tumemrudisha leo asubuhi, mwepesi kama kapu tupu, na mfuko wa dawa na makopo.

Njiani Mama alisimama kwenye bucha. Nilidhani amechoka. Akaingia. Alichagua kuku mwenyewe, akamkataa wa kwanza aliyeonyeshwa, akakemea ini lililokaa, akataka ngozi iondolewe na mafuta yaondolewe. Kumbe anaijua nyama kuliko muuzaji. Huyu mwanamke alikuwa mpishi, na amejitia kifungoni kwa hiari yake.

Alimpikia paka kwa mkono wake. Maji matupu, bila chumvi, bila kitunguu, akaichambua nyama kidogo kidogo na kuichanganya na kile cha kopo kama daktari alivyosema, atoke polepole kwenye alichozoea. Alikaa sakafuni akamlisha. Nyumba nzima ilinuka kuku.

Saa ya jioni mume wangu akaingia. Akasimama mlangoni, akavuta pua.

"Mama? Nyama humu ndani?" Na akaongeza, nampa Mungu shukrani kwamba nilikuwa nimekaa: "Nitastahimili vipi mimi?"

Mama akaanza kuomba radhi. Alimwomba radhi yeye. "Nisamehe, baba, ni kwa ajili ya mgonjwa mwingine, nitafungua madirisha, jikaze..."

"Mwambie," nikasema.

"Si sasa."

"Mwambie, au nimwambie mimi, na mimi nitasema vibaya."

Akasema. Alisema akiutazama ukuta. Mbavu, meza ya pembeni, tangu aliporudi kazini, karibu kila siku. Akasema alikuwa anaogopa kumuumiza. Alipomaliza ilisikika mvua na paka akilamba sahani.

Mama alikuwa bado sakafuni. Alimtazama mwanawe, akamtazama paka, akamtazama mwanawe tena, kama anayejumlisha. Nilijua anachojumlisha kwa sababu mimi nilishakijumlisha. Kama angesema mwezi ule wa kwanza, sheria ingekufa siku hiyohiyo. Mama angekasirika wiki moja, nyama ya paka ingepikwa, na Mkaguzi angekuwa anakagua mifuko.

Akanyoosha mkono nimwinue. Nikamwinua.

"Nenda kwa jirani," akaniambia, "kaniazimie chumvi."

Nilishuka nikaleta, kijiko kizima kwenye kipande cha gazeti. Mama alijipakulia maharage, akakaa, akanyunyiza chumvi kwa vidole, akaonja, akanyunyiza tena. Alikula sahani nzima bila kuinua kichwa. Mume wangu alikuwa amesimama palepale na begi lake begani.

"Mimi napenda sana chumvi," Mama akasema alipomaliza. Akaenda kulala.

20 Aprili

Mvua kubwa. Mume wangu amelala kwenye kochi, nami sikumwambia alale huko.

27 Aprili

Nimempeleka Mama hospitali kwa kile kizunguzungu. Damu yake ni haba na shinikizo liko chini. Daktari ameuliza anakula nini. Sikujua nianzie wapi, nikacheka mpaka yule bwana akaudhika, na Mama akacheka pia. Ameambiwa ale mayai, ini na samaki.

Mume wangu naye amepimwa. Kwake yamepanda yote yasiyotakiwa kupanda. Hilo halikumchekesha mtu.

4 Mei

Jikoni kuna vyungu vitatu.

9 Mei

Mkaguzi amepita sebule nzima akifuata ukuta kwa sharubu, akafika kwenye sahani yake bila kugonga kitu. Tulisimama mimi na Mama kimya tusimchanganye. Mama akanifinya mkono.

23 Mei

Mvua zimekwisha. Madirisha yako wazi, magodoro yako juani, jengo zima linanuka sabuni.

Daktari amemsikiliza Mkaguzi leo, akatabasamu mara ya kwanza tangu nimjue. Moyo unarudi. Macho hayarudi, hilo tulishaambiwa, lakini niliuliza tena kama mjinga na akanijibu tena kwa upole.

Mama anaondoka Jumamosi kwenda kwake. Amenenepa kidogo, amenifundisha mchuzi wake wa samaki, na jana ameniambia mwanawe akikosea nimgombeze bila kumwonea haya yeye mama yake, maana yeye alimdekeza. Amemsamehe. "Ni mwanangu, nitamtupa wapi?" Nilimwambia sikumwomba amtupe.

Huyu bwana anajitahidi, haki ya mtu mpe. Anakula mboga zake na hana tena meza ya pembeni, nimehakikisha kwa mchoma nyama mwenyewe. Kila asubuhi kabla ya kwenda dukani ndiye anayefungua kopo, anapima, anapasha joto kidogo, anapiga magoti anagonga sahani kwa kijiko ili paka ajue ilipo. Sikumwagiza. Leo asubuhi alipomaliza alijilaza sakafuni palepale, na Mkaguzi akampanda kifuani, juu ya ule moyo wake mbovu, akajikunja, akaanza kukoroma kwa raha. Mume wangu akanitazama kutoka chini, macho yamemjaa maji.

"Unaona," akasema. "Amenisamehe."

Nilichukua mfuko wangu nikatoka, nilikuwa nachelewa kazini. Nimefikiria jibu kutwa nzima huku nakata lenzi. Paka hawezi kusamehe, kwa sababu hajui kwamba alikosewa. Anadhani dunia ndivyo ilivyo, ilizimika siku moja taratibu, na huyu mtu anayempa nyama asubuhi ni mwema. Hana kinyongo. Mama naye kinyongo kimemshinda, amekiacha hapa anaondoka.

Basi nitakiweka mimi. Nitakaa na mume wangu, nitampikia chungu chake, nitacheka akisema jambo la kuchekesha, na sitakizungumzia. Lakini mtu mmoja katika nyumba hii lazima akitunze kwa niaba ya yule asiyejua, na mimi macho yangu ni mazima.